Besi wangu wako ziwani: kutunga muziki wa klasiki huku unauza dagaa Kigoma

Mi ni mama wa dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi alfajiri, naanika, nachambua, nauza jumla kwa watu wanaosafirisha kwenda Tabora, Dodoma na Dar, alafu jioni nikishapika natunga muziki. Na simaanishi mapambio ya kupiga makofi (nayapenda sana tu, kwenye sherehe sikai chini), namaanisha muziki wa sauti nne ulioandikwa kwa nota, huu wa klasiki ambao soprano anaanza neno, teno anakuja kulirudia vipimo viwili baadae, alto anaweka lake katikati na besi bado anatembea taratibu huko chini. Watu wakisikia wanacheka kwanza, alafu wanauliza unalipwa shingapi, nikiwaambia silipwi wanacheka tena kwa nguvu zaidi.

Kilichonifundisha ni alto. Nimeimba alto tangu niko sekondari, na aliyeimba alto anajua hii sauti haipewagi raha, soprano ana melodia mpaka mtoto wa chekechea anaishika, besi anatikisa kanisa, teno anapewa sehemu za kupiga kelele, wewe alto umepewa nota tatu unazunguka humohumo mpaka misa inaisha. Sasa kwa kuzunguka humo ndani miaka yote nikawa nasikia wenzangu wanafanya nini pembeni yangu, nani anapanda, nani anashuka, wapi wanakutana vizuri na wapi wanagongana. Alafu kulikuwa na mzee mmoja mpiga kinanda wa parokia yetu, alisoma seminari zamani akaacha, Mungu amrehemu, huyo ndo siku moja akanishika nasahihisha alto kwa penseli kwenye karatasi ya kwaya, nikadhani atanifokea, akavuta benchi akaniambia mama kaa hapa nikuoneshe kwanini huyu mtunzi kaandika alivoandika. Akaanza kunifundisha. Kordi, mageuzo yake, sauti mbili zisifuatane kwa tano (yaani zitembee pamoja zimeachana nota tano muda wote), anasema zikifuatana hivo inakuwa mtu na kivuli chake, humwoni mtu wa pili tena.

Nilianza kuandika kwenye kaunta buku la biashara maana ndo daftari lililokuwepo. Nachora mistari mitano kwa rula ya mwanangu. Mpaka leo nina kaunta buku ambalo ukurasa huu kuna Mtakatifu kwenye ufunguo wa F, ukigeuza unakuta wadaiwa wangu wa mwezi, ukigeuza tena kuna Mwanakondoo haijaisha.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mtu wa bara hatalijua. Kwaya yetu wanaume wengi ni wavuvi wa vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, unawasha, dagaa wanaufuata mwanga, wavu uko chini unawasubiri. Hiyo inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mpevu maji yote yanang'aa, dagaa hawana sababu ya kukusanyika kwenye taa yako, kwahiyo mbalamwezi ikiingia vipe vinapumzika, watu wanashona nyavu, wanatengeneza injini, na wanakuja mazoezi ya kwaya! Kwaya yetu ina ratiba imebandikwa mlangoni, Jumatano na Ijumaa, lakini ratiba ya kweli iko angani. Mbalamwezi nina besi mpaka wanakosa pa kukaa, giza likirudi nabaki na besi mmoja fundi cherehani na mwingine mwalimu wa shule ya msingi ambaye akipata mafua tumekwisha.

Hili jambo liliniudhi kwa muda mrefu. Nilikuwa naandika nikiwa na picha ya zile kwaya za kwenye video, watu sitini wamevaa nguo nyeusi, kila sauti imejaa, alafu naleta kazi yangu mazoezini wapo soprano kumi na besi mmoja. Kilichonibadilisha ni kusoma habari za hawa wakubwa wenyewe, maana ukisikiliza muziki wao tu unadhani walikuwa wanaishi mbinguni na kwaya ya malaika. Bach, yule mtunzi wa Ujerumani, alikuwa Leipzig, kazi yake ilikuwa kuhakikisha muziki unasikika makanisani kila Jumapili, miaka ya mwanzo anatunga karibu kila wiki kitu kipya, na Agosti 1730 akawaandikia wakuu wa mji barua ndefu ya malalamiko, akawahesabia vijana wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajaiva, 17 hawafai kabisa. Nilivoisoma hiyo nilicheka peke yangu kwenye chanja mpaka jirani akaniuliza mama vipi. Bach! Na yeye alikuwa na watu 17 wasiofaa!

Mwingine ni Mozart. Ave verum corpus ile tunayoimba kwenye Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, aliitunga Juni 1791, miezi michache kabla hajafa, na hakuitunga kwa ajili ya mfalme wala jumba la opera, alimtungia rafiki yake Anton Stoll, mwalimu wa shule na mwalimu wa kwaya kwenye kamji kadogo ka Baden karibu na Vienna. Vipimo 46 tu. Hakuna sauti inayopelekwa juu kupita kiasi, hakuna mahali pa kuonesha ufundi wa koo, mwanzoni kaandika muimbe kwa sauti ya chini. Yaani aliangalia kwaya ya mwalimu wa shule akaandika kile ambacho kwaya ya mwalimu wa shule itakiweza, na ndo hicho dunia nzima inaimba. Mi ile kazi nimeinakili kwa mkono, nota kwa nota, kila sauti, na nawashauri wote mnaotaka kutunga mfanye hivo badala ya kununua vitabu, mkono unajifunza vitu ambavyo sikio linapita juu juu.

Basi nikaanza kuandika kwa kuangalia nani atakuwepo. Wimbo wa Jumapili ya giza naufanya wa sauti tatu, soprano, alto na wanaume mstari mmoja ambao teno anaufikia na besi pia anaufikia, si juu sana si chini sana. Wimbo wa mbalamwezi ndo naachia sauti nne na besi wanapewa kazi. Teno wa kwetu wakifika F ya juu hawaimbi, wanaita mtumbwi ulioko mbali, kwahiyo kama nataka utulivu siwapeleki huko. Na kwaya yetu bila kinanda inashuka, hilo lipo, tunaanza kwenye G tunamaliza kwenye kitu kisichokuwa na jina, ndo maana nyimbo za Kwaresima, wakati ambao vyombo vinatumika kusaidia kuimba tu na si kujionesha, nawapa mapumziko mafupi katikati ili mwalimu awape tena sauti kimyakimya. Wanaosikiliza wanadhani ni tafakari. Na ni tafakari pia, sikatai.

Kitu kingine ambacho nimejifunza kwa kuandika na hakuna aliyeniambia ni kuhusu mkazo. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo karibu kila mstari wetu unaishia kwa kushuka, a-MA-ni, utuhuru-MI-e, silabi ya mwisho nyepesi. Nyimbo nyingi za Kizungu zinaishia kwa pigo zito, mstari unafika, unatua, basi. Ukichukua melodia ya namna hiyo ukaiwekea Kiswahili unapata Bwa-NA, A-mi-NA, na tumeimba hivo toka kwa wamishonari mpaka masikio yamezoea. Mi nikitunga naanzia hapo mwishoni. Silabi ya pili toka mwisho naiweka kwenye pigo la kwanza la kipimo, naivuta, alafu ile ya mwisho inadondoka polepole kwenye pigo la tatu huku kordi imeshatulia. Hapo kwaya inaacha kupiga kelele mwishoni mwa mstari bila hata kuambiwa, maana maneno yenyewe yameshawashusha. Ukiona wimbo wa kwaya una maneno mazuri na melodia nzuri lakini kuna kitu kinakukera, nenda kaangalie mkazo kwanza.

Kuna wanaosema muziki huu sio wetu, ni wa wazungu, tupige ngoma. Ngoma ninazipenda na Kiha kina melodia ambazo nimeziingiza kwenye kazi zangu bila kuomba ruhusa kwa mtu, bibi yangu aliziimba akisaga. Lakini hii hoja naionaga ya haraka haraka. Melodia ya Mungu ibariki Afrika tunayosimamia mikono ikiwa chini ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na mwalimu wa kwaya kule Afrika Kusini. Jirani zetu Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio nzima (kazi ndefu ya kwaya inayosimulia habari za dini) ya Mashahidi wa Uganda kwa miundo ya muziki wa kwao, mashahidi wenyewe wakatangazwa watakatifu Oktoba 1964. Hao waliikuta sauti nne kanisani wakaingia nayo ndani wakakaa. Mi nimezaliwa nimeikuta parokiani, bibi yangu ameikuta, sasa mnataka niirudishe kwa nani?

Kuhusu maisha ya kikristo na hii hobi, nisiseme uongo, vinasaidiana na vinagombana. Vinasaidiana kwasababu huwezi kutunga muziki wa zaburi bila kuisoma zaburi mara nyingi kupita kiasi. Nikitaka kujua neno gani nilirefushe inabidi nijue neno gani linauma, na hilo silijui nikiwa mezani, nalijua nikiwa nachambua dagaa, mikono inatoa mawe na majani yenyewe, kichwa kiko huru, mstari mmoja unajirudia masaa. Kwenye jumuiya wanasema nasali sana nikiwa kazini, midomo inacheza. Nusu ni sala kweli, nusu natafuta alto. Vinagombana kwasababu kwenye misa nasikia nota mbovu kabla sijasikia Injili, teno akikosea kwenye Utukufu mi mpaka mahubiri yanaanza bado niko naye. Niliwahi kumwambia padri kwenye kitubio, akaniuliza je ukisikia nota nzuri unafanyaje, nikasema namshukuru Mungu, akasema basi na ile mbovu mshukuru, endelea na dhambi nyingine. Nikaendelea.

Na kuna suala la jina. Bach mwishoni mwa kazi zake za kanisa alikuwa anaandika herufi tatu, S.D.G., kwamba utukufu ni kwa Mungu peke yake. Mi siandiki hizo herufi, naona nitakuwa najifananisha, lakini nyimbo mpya za liturujia kwetu zinatakiwa zipitiwe na zipate ithibati kabla hazijaimbwa, na hiyo hatua kwakweli inatosha kabisa kunikumbusha kwamba mi sio Mozart. Karatasi inarudi na wino mwekundu. Neno hili halimo kwenye zaburi, hapa umekatisha sentensi, huu ni wa maandamano sio wa komunyo. Mara nyingi wako sahihi na wasipokuwa sahihi nanuna siku mbili tatu alafu narekebisha, maana wimbo wa kanisani nikiushikilia kama mali yangu sasa huo ni wa nini kanisani.

Mume wangu hana shida na hobi, shida yake ni mafuta ya jenereta na laptopu ya kuazima. Zamani kazi nilikuwa napeleka kwa kijana mmoja anazichapa kwenye Finale, programu ambayo watunzi wengi tu wa huku wameizoea, Agosti 2024 wenyewe wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena, watu wakaomboleza kama msiba. Mi nikahamia MuseScore, ni ya bure, inakupigia ulichoandika, ingawa nawaonya msiamini sauti ya kompyuta. Kompyuta haihemi. Itakuimbia mstari wa vipimo kumi bila pumzi na utaona umetunga kitu kizuri mpaka umpe besi aliyekesha ziwani.

Mwaka huohuo 2024 ndo ziwa lilifungwa. Kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zinazozunguka Tanganyika zilikubaliana shughuli za uvuvi zisimame miezi mitatu samaki wazaliane. Sitaki kuwadanganya kwamba ulikuwa wakati mzuri. Kwangu mimi biashara ilikuwa ni kuuza kilichobaki stoo kidogo kidogo na kusubiri, wengine walienda kulima, wengine waliondoka kabisa, sadaka kanisani ikapungua ukaona kwa macho. Ila usiku wavuvi walikuwepo nyumbani. Giza likaingia, likatoka, besi wako palepale kwenye benchi. Haijawahi kutokea. Mwalimu wa kwaya akanifuata baada ya misa akaniambia mama, hawa watu wakikaa bure watagombana, waandikie kitu kigumu.

Nikachukua Zaburi ya 130, ee Bwana, toka vilindini nimekulilia. Hapa kwetu inasaliwa sana kwenye misiba, na vilindi tunavijua, hili ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kwenye kwaya yetu kuna watu ambao ndugu zao upepo uliwachukua na hawakupatikana. Kwa hiyo sikutaka kuweka kitu cha kulialia. Nilikuwa nimesikiliza sana Crucifixus, ile sehemu ya Nasadiki inayosema alisulubiwa, kwenye Misa ya B maina ya Bach, pale besi ya vyombo inashuka nusu sauti nusu sauti, ikifika chini inaanza upya, inarudia hivo mara 13 na juu yake waimbaji wanasema vitu tofauti. Nikasema besi wangu wafanye hivo kwa midomo. Wanaanza wenyewe bila mtu, D maina, wanashuka, alto ndo anaingia na neno Bwana (ndio, nimempa alto, mtanisamehe), soprano wa mwisho kabisa.

Mazoezi ya kwanza besi mmoja mzee wa vipe akanyoosha mkono. Akasema mama, hapa unatushusha mbio. Nikamuuliza kivipi. Akasema wavu haushuki hivo, wavu unauachia polepole na kimya, ukiuporomosha umeshawafukuza. Wenzake wakaitikia wote. Mi nilikuwa nimeandika nota za pigo moja moja, nikaenda nyumbani nikazifanya za mapigo mawili mawili na kuna mahali nikazifunga zivuke kipimo, kazi ikarefuka karibu mara mbili, na ikawa ndo yenyewe. Ile sehemu ya nafsi yangu inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, hiyo sikuhitaji hata kuwaeleza waimbe vipi, watu wanaokaa macho majini mpaka kupambazuke uwaeleze nini.

Tuliiimba mwezi wa nane kabla ziwa halijafunguliwa, kwenye misa ya kuwaombea marehemu. Ilishuka, nadhani tulimaliza karibu na C, kinanda hakikuwepo cha kutuumbua. Hakuna aliyepiga makofi kwasababu haikuwa ya kupigiwa makofi. Mama mmoja alinishika mkono nje akasema asante akaondoka.

Kuna mrusi mmoja, Borodin, alikuwa profesa wa kemia St Petersburg, ndo huyohuyo alisaidia kuanzisha masomo ya udaktari kwa wanawake kule mwaka 1872, muziki alikuwa anatunga kwenye nafasi za katikati. Opera yake moja alianza 1869 akafa 1887 haijaisha, marafiki zake wakaja kuimalizia. Zamani nikisoma hiyo habari nilikuwa namwonea huruma, miaka 18 kazi moja. Siku hizi namwonea wivu kidogo, alikuwa na marafiki wa kumalizia. Mi Mwanakondoo yangu ina miaka haijaisha na hakuna aliyejitolea.

Ziwa lilipofunguliwa besi walirudi majini wiki ileile, na mi nilikuwa wa kwanza kusimama Kibirizi na ndoo zangu, sikuwalilia hata kidogo, nyumba inataka kula. Zaburi imebaki kabatini mpaka iangukie mbalamwezi. Watu wanaiomba kwenye misiba, na msiba hausubiri mwezi, kwahiyo nimeiandika upya kwa sauti tatu, ule mstari wa kushuka nimewapa alto na fundi cherehani anawasaidia kwa chini. Iko kwa katibu wa kwaya. Anayeitaka akapige kopi, hela ya kopi atoe mwenyewe, kwaya haina.